Ukuta wa Chumba cha Mama

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Ofisi yangu iko hapa Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wangu wengi ni watu wanaojenga vyumba vya kupangisha wanafunzi kule Juja. Mtu ananiletea karatasi za ploti yake ya futi hamsini kwa mia, na swali lake la kwanza huwa ni vyumba vingapi vitaingia. Namchorea. Katika miaka yote ya kazi hiyo sikuwa nimemchorea mama yangu nyumba, na siku nilipoketi kufanya hivyo nilikuwa na miaka arobaini na miwili.

Mama aliishi Theta, kwenye nyumba ya udongo ya vyumba vitatu ambayo yeye na baba waliijenga kabla sijazaliwa. Baba, ambaye alikuwa kibarua wa shamba la kahawa, ndiye aliyesimamisha nguzo, akapigilia fito na kupaua kwa mabati. Kukandika ilikuwa kazi ya mama na wanawake wa jirani. Walikuja asubuhi na watoto wao mgongoni, wakachanganya udongo na nyasi, wakajaza kuta kwa siku mbili. Baada ya hapo ikawa kazi yake kila mwaka. Kabla ya Krismasi mama alisiriba nyumba yote upya, ndani na nje, kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Nilipokuwa mdogo nilimkanyagia matope na kuona ni mchezo. Nilipoingia sekondari nikaanza kuwa na masomo ya ziada kila Desemba.

Ukweli ni kwamba niliionea haya ile nyumba. Darasani kwetu wengi walitoka nyumba za mbao au za mawe, na mimi sikuwahi kumkaribisha mwenzangu yeyote nyumbani. Nilipokwenda chuo kusomea uchoraji wa ramani, haya ikazidi badala ya kupungua. Nilijifunza kuchora nyumba za kila aina, lakini hakuna mwalimu aliyetaja nyumba ya udongo isipokuwa kama kitu cha kubomolewa.

Mume wangu ni mtu wa magharibi mwa nchi, aliyekuja Thika kufanya kazi kiwandani. Watu wake walipotaka kuja kwetu kwa mambo ya mahari, nilimwendea mama nikamwambia kwamba uwanja wetu ni mdogo, hema halitatosha, afadhali tuwapokee kwa baba mdogo. Baba alikuwa ameshafariki, na baba mdogo, ndugu yake, alikuwa na nyumba ya mawe na uwanja wenye nyasi za kukatwa. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Ni sawa," alisema. "Kwa huyo hema itatoshea."

Wageni walikula mbuzi kwa baba mdogo, wakaimba, wakaondoka kabla ya giza. Mama mkwe wangu alirudi kwao akijua kwamba nyumbani kwetu ni pale. Sikumwambia hivyo, na pia sikumwambia vingine.

Miaka kumi na miwili ikapita. Theta ikabadilika. Mashamba yalikatwa ploti, majirani wa zamani wakauza na kuhama, na wapya wakaja na kuta za mawe na mageti ya chuma. Nyumba ya mama ikawa ya mwisho ya udongo kwenye njia yetu. Kakangu mkubwa, ambaye anauza chakula cha mifugo mjini Thika, alinipigia simu siku moja akasema, "Hii sasa ni aibu yetu sisi, si ya mama. Chora, mimi nitasimamia mjengo."

Mama hakukataa. Alitoa sharti moja tu, kwamba nyumba yake ya zamani isiguswe mpaka amelala kwenye mpya msimu mzima wa mvua. Kakangu alicheka, akamuuliza kama anadhani mawe yatayeyuka.

"Mimi sijui," mama alimjibu. "Nyinyi ndio mnajua."

Nikachora. Vyumba viwili vya kulala, sebule, choo cha ndani, jiko lenye sinki na mahali pa gesi. Niliiweka upande wa juu wa uwanja, hatua chache kutoka nyumba ya zamani, na nilijivunia ile ramani. Msingi ulichimbwa Januari, na kufikia Februari kuta za mawe zilikuwa zimefika usawa wa madirisha.

Jumamosi moja nilikuwa ndani ya kuta hizo na futi ya kupimia wakati lori lilipokuja na mawe kutoka machimbo ya Ndarugo. Usiku kulikuwa na manyunyu na ardhi ilikuwa inateleza. Turnboi, yaani utingo wa lori, alisimama nyuma akimwelekeza dereva, rudi, rudi, kata kidogo, rudi, na nyuma ya lori ikateleza upande, ikagonga nguzo ya pembeni ya nyumba ya mama. Haikuwa kishindo kikubwa. Nguzo ilikatika, na ukuta mzima wa chumba chake ukainama nje polepole, ukakaa chini.

Vumbi lilipotulia tuliona kitanda cha mama kikiwa wazi, na blanketi lake la bluu, na sanduku la bati chini yake, na koti la baba kwenye msumari wa ukuta wa pili. Koti hilo sikujua bado lipo. Mafundi waligeuza nyuso zao. Fundi mkuu alivua kofia, akatazama upande wa barabara.

Mama alikuwa kwa ng'ombe akikamua. Alikuja na ndoo ya maziwa, akasimama, akaangalia. Aliiweka ndoo chini, akaifunika vizuri kwa kifuniko chake, ndipo akaenda kuchukua leso kwenye kamba ya nguo na kuitandika juu ya kitanda, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Dereva alimfuata akiomba msamaha.

"Hakuna mtu ameumia," mama alisema. "Shusha mawe yako uende."

Mimi na kakangu tulianza kupanga. Mimi nilisema aje Ruiru akae nasi mpaka nyumba iezekwe. Mama akasema ng'ombe wake wa pili amebakisha wiki tatu kuzaa, na hawezi kumwachia mtu. Kakangu akasema apigiliwe mabati pale palipobomoka. Mama akasema sehemu hiyo ya paa sasa imeshikiliwa na misumari peke yake, kwa hivyo mabati hayatasaidia kitu bila nguzo na ukuta. Mwishowe tukaninginiza turubai, na tukamwacha alale nyuma ya turubai. Nilimuuliza fundi mkuu kama anaweza kurudisha ukuta. Alikuwa fundi mzuri, mwenye miaka karibu thelathini ya kazi. Alikiri kwamba hajawahi kukandika udongo maishani mwake, na kwao kazi hiyo ilifanywa na mama zao.

Wanawake waliomkandikia mama nyumba ile hawakuwepo tena. Wawili walikuwa wamefariki, na wengine walihama baada ya kuuza mashamba.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu Ruiru. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na ukungu, na alikuwa akingoja siku ya upasuaji hospitalini, iliyokuwa baada ya majuma mawili. Jumapili jioni nilikuwa jikoni nikizungumza na kakangu kwenye simu, nikidhani yeye amesinzia kwenye kochi. Nilipokata simu nikamkuta mlangoni.

"Ni nani ameangukiwa na nyumba?"

Nilisema ni ukuta tu, na kwamba umegongwa na lori.

"Ya mawe inagongwa na lori inaanguka?"

"Si ya mawe, mama. Ni ya udongo."

"Mama yako analala wapi leo?"

Nikamwambia. Nikasema pia kwamba tunatafuta fundi.

"Ya udongo hakuna fundi," alisema. "Kesho nipeleke."

Nikamwambia kuhusu jicho lake. Akanijibu kwamba jicho litakuwa vile vile akiwa kwangu akitazama televisheni. Nikamwambia kuna vumbi, kuna jua, na ni mbali. Aliniacha nimalize yote. Kisha akaniuliza kama nina leso kuukuu.

Mume wangu alipokuja kulala alisema kwamba kwao mtu hawezi kulala kwa wakwe zake, kwa hivyo nijipange kumpeleka mama yake asubuhi na kumrudisha jioni kila siku. Nilimuuliza kama naye atakuja kusaidia. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nikaingie chumba cha kulala cha mama mkwe wangu?"

Ilibidi nikubali kwamba ana haki. Hata kwetu isingependeza.

Kesho yake nilifunga ofisi. Tulipokuwa tukiacha barabara kuu nilijua kwamba lazima niseme kitu, lakini kila sentensi niliyoitunga ilikuwa na kasoro. Tukafika nikiwa bado natunga. Mama mkwe alishuka, akageuza kichwa ili jicho zima lifanye kazi, akatazama nyumba ya udongo, turubai, mjengo wa mawe nyuma yake, na mti wa parachichi ambao baba alipanda.

"Kumbe nyumbani kwenu ni hapa," alisema.

"Ndio, mama."

"Na pale tulikula mbuzi?"

"Kwa baba mdogo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hii ni kama yangu," alisema, "lakini yangu ni kubwa kidogo." Akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Walikuwa wameonana mara moja tu maishani, siku ile ya mahari, wakiwa wamekaa katika mistari miwili inayotazamana. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Mama alimwita muthoni, ambalo ndilo neno letu la mkwe, na mama mkwe akalipokea kama jina lake. Lugha pekee waliyokuwa nayo kwa pamoja ni Kiswahili, na kila mmoja alikuwa na chake.

Mama mkwe alitaka kuona ukuta mara moja. Mama akamzuia.

"Chai kwanza," alisema. "Miaka kumi na mbili nimengoja kukupatia chai kwangu."

Hakunitazama aliposema hivyo. Aliingia akatoa vikombe vya kioo ambavyo huviweka kwenye kabati, akavisuuza ingawa vilikuwa safi. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia msingi. Nilikuwa nimejiambia kwa miaka yote hiyo kwamba mama aliamini habari ya hema.

Baada ya chai kazi ikaanza. Mama alihamisha kitanda na sanduku hadi sebuleni, na ndipo kakangu na fundi mkuu walipokuja kwa nje kusimamisha nguzo mpya, mkaratusi mnene waliokuwa wakiutumia kupandia ukuta kule mjengoni. Walipigilia fito, wakaondoka. Mume wangu alifika saa sita na furushi la kamba za katani tulizomwagiza, akalikabidhi getini. Alipita nyuma ya nyumba, akakaa na ng'ombe mchana wote akiwakatia majani, asije akaona asichotakiwa kuona.

Udongo mzuri zamani ulitoka kwenye kichuguu kilichokuwa mpakani, lakini kichuguu hicho sasa kilikuwa ndani ya ukuta wa jirani, chini ya maegesho ya gari. Mama mkwe alizunguka uwanja akafika kwenye lundo jekundu lililotolewa kwenye msingi wa nyumba mpya. Alichukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole, kisha akauweka kati ya meno na kuusaga.

"Hii iko sawa," alisema. "Mchanga si mingi."

"Hata mimi nilikuwa nafikiria hiyo," mama akasema.

Tulimwaga maji tukaacha udongo ulowe. Siku ya pili tukautia nyasi kavu zilizokatwakatwa, nikavua viatu nikakanyaga. Nilikuwa sijafanya hivyo tangu utotoni. Matope ya asubuhi ni baridi sana, na baada ya nusu saa mapaja yanawaka moto. Kila nilipodhani yameiva, mmoja wao alichota gao moja kiganjani, akalitazama, akalirudisha. Mafundi kule juu waliacha kazi zao mara kwa mara wakatutazama, na mmoja akaniuliza kwa upole kama ni mimi kweli niliyechora ile ramani.

Tulianza kukandika siku ya tatu. Mimi nilifinyanga madonge na kuwapa. Mama alikuwa ndani na mama mkwe nje, na kila donge lililopigwa upande mmoja lilikutana na lingine kutoka upande wa pili, katikati ya fito. Walikuwa na miaka zaidi ya sabini wote wawili, na walifanya kazi bila haraka wala kusimama. Mama mkwe hakuwa akiangalia alipoweka mkono. Aliupitisha ukutani, akapata shimo, akaliziba.

Walizungumza wakati wote, kupitia ukuta, ambao kila saa ulizidi kupanda kati yao. Nilisikia mambo ambayo hayakuwa yamekusudiwa kwangu. Mama alimweleza jinsi baba alivyougua. Mama mkwe akamweleza kuhusu mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kabla mume wangu hajazaliwa, jambo ambalo mume wangu hakuwa amewahi kuniambia. Kisha mama mkwe akauliza, kwa sauti ile ile:

"Muthoni, kwa nini hamkutuleta hapa ile siku?"

Mikono yangu ikasimama kwenye donge.

"Watoto wakisoma wanaona vitu kwa njia yao," mama alisema kutoka ndani. "Si vibaya. Mimi nilikuwa nataka tu apate bwana, ndoa isije ikaharibika juu ya nyumba."

"Haingeharibika."

"Sasa ningejuaje?"

Mama mkwe alicheka. Akaninyooshea mkono apewe donge lingine, nikampa. Nilitaka kuomba msamaha pale pale, lakini nilikuwa katikati ya watu wawili wasiokuwa wakiongea na mimi. Nilimwomba mama msamaha siku nyingine, tukiwa peke yetu, tukichuma sukuma wiki. Aliniambia kwamba yeye naye, alipokuwa msichana, alimficha mama yake asionwe na wenzake, kwa sababu mama huyo hakuwa na viatu. Hatujalirudia jambo hilo.

Tuliacha ukuta ukauke na upasuke, kwa sababu lazima upasuke kwanza. Safu ya pili huziba nyufa za ile ya kwanza. Ilipofika siku ya kusiriba, wakahitilafiana. Mama alitaka majivu yatiwe pamoja na mavi ya ng'ombe, kwa kuwa majivu hufukuza wadudu. Mama mkwe akasema majivu hufanya ukuta umeguke kama keki. Walibishana kwa heshima nyingi, kila mmoja akianza kwa kumsifu mwenzake, na hakuna aliyekubali. Suluhu ilikuwa kwamba nje kusiribwe kwa majivu na ndani bila majivu, kwa hivyo wakabadilishana pande. Mama mkwe alipomaliza ndani, kabla udongo haujakauka, alipitisha vidole vyake vinne ukutani kote, akaacha mistari ya upinde, mmoja juu ya mwingine, kama mawimbi ya nywele zilizosukwa. Mama aliingia akasimama akitazama.

"Huku sisi hatuchorangi nyumba," alisema.

"Nifute?"

"Wacha."

Mchana wa siku hiyo, tukingoja ugali, mama mkwe alisema anataka kuiona nyumba ya mawe. Nilimshika mkono nikampitisha kwenye milango. Nilimwonyesha sebule, vyumba vya kulala, choo, jikoni. Alisimama jikoni, akagusa mawe.

"Ni nzuri," alisema. "Na mama atakuwa anakaa wapi?"

"Sebuleni. Pale kubwa."

"Hapo ni pa wageni. Mimi nauliza yeye. Mchana."

Nilitazama nyuma, kwenye nyumba ya udongo. Mama alikuwa ameketi pale anapoketi kila siku, kwenye kigoda mlangoni mwa jiko lake, miguu nje, mgongo ndani. Akiwa pale anaona geti, anaona ng'ombe, anaona sufuria iliyo motoni, na anaweza kumenya viazi bila kuinuka. Mlango wa jikoni niliouchora mimi ulitazama ukuta wa jirani, uliokuwa hatua mbili tu mbele yake.

Nikamwita mama. Alikuja akasimama nje ya msingi. Nikamuuliza kama mlango wa jikoni uko mahali pazuri.

"Mvua ya huku hutoka upande wa Kilimambogo," alisema, akionyesha mlima huo kwa kidevu. "Itakuwa inaingia hapo. Lakini nitaweka gunia."

"Mama, mbona hukuniambia nilipokuonyesha ramani?"

"Ile karatasi? Mimi niliona mistari tu. Na wewe ndiye umesomea hiyo kazi, sasa nikuambie nini?"

Kakangu alipokuja jioni nikamwambia mlango wa jikoni utazibwa, tutafungua mwingine upande wa pili unaotazama geti na zizi, na paa litatolewa nje pale pawe na kibaraza. Alikasirika. Mawe yalikuwa yameshapangwa, lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ilikuwa imebakisha siku chache, na mimi mwenyewe ndiye niliyechora. Aliniuliza kama huwa nawafanyia wateja wangu hivyo pia. Nikamwambia wateja wangu hawakai kwenye nyumba ninazowachorea, na nilipokuwa nikisema hivyo nikagundua kwamba ni kweli. Alitembea mpaka kwenye parachichi, akarudi, akamuuliza mama anataka nini hasa.

"Mkiweza," mama alisema, "nitafurahi."

Kwa miezi yote ya mjengo hilo lilikuwa jambo la kwanza kuomba, ukiacha lile sharti lake. Kakangu akamwita fundi mkuu, wakazungumza, na kesho yake mawe yakaondolewa.

Kitanda cha mama kilirudi chumbani siku ya nane. Mama mkwe alifanyiwa upasuaji wiki iliyofuata, na bandeji ilipotolewa alilalamika kwamba sebule yangu ina vumbi kuliko alivyodhani. Kabla hajasafiri kurudi kwao tulimpitisha Theta. Alitazama ukuta kwa macho yote mawili, akasema mistari yake haikunyooka. Yule ng'ombe wa pili alikuwa amezaa ndama jike. Mama akamfungia mkwe wake maparachichi na kuku wawili, na wakaagana kwa muda mrefu kuliko walivyosalimiana.

Nyumba ya mawe iliezekwa mwishoni mwa Machi, mvua zikiwa zimeshaanza. Mama alihamia bila sherehe, akibeba vitu vyake kidogo kidogo kwa siku tatu. Alilala humo msimu mzima kama alivyosema. Juni akatuita, akatuambia nyumba ya zamani inaweza kuondolewa, kwa sababu mchwa wameshakula nguzo za nyuma, na yeye anataka nafasi ya zizi kubwa zaidi. Nilimuuliza kama tusiache hata chumba kimoja. Akasema, cha nini? Kakangu alileta watu wawili na sululu. Mabati mazuri yalikwenda zizini, mbao zikawa kuni, na udongo mama aliusambaza kwenye migomba. Kazi yote iliisha kabla ya saa nane. Mimi ndiye niliyeingia ndani kwanza nikatoa koti la baba. Mama alilipokea, akalikung'uta, akampa mmoja wa wale vibarua aliyekuwa na mwili kama wa baba.

Nyumba mpya anaipenda kwa mambo kadhaa. Hasiribi tena, na mgongo umepumzika. Choo cha ndani alikipinga mpaka Julai, kulipokuwa na baridi, na tangu hapo hakuna anayesikia habari ya choo cha nje. Kuna mambo asiyoyapenda pia, na huniambia kwa simu. Sakafu ya simenti ni baridi kama mgongo wa chura. Sauti inajirudia. Na dari, ambayo mimi ndiye niliyesisitiza iwekwe ili nyumba ipendeze, inamzuia kusikia mvua inapoanza. Zamani tone la kwanza likigonga mabati alikuwa ameshainuka kuanua maharagwe. Sasa mvua inamkuta amekaa, na maharagwe yameshalowa. Nilimwambia tunaweza kuitoa dari ya jikoni. Akasema tuiache, watu wameshaiona. Siku hizi anapoanika kitu nje huacha dirisha la upande wa Kilimambogo wazi, hata kukiwa na baridi, anakaa karibu nalo na sweta lake, akisikiliza.